Mama Katika Rejesta: Uhakiki wa Lugha ya Ufuatiliaji na Tathmini ya Programu za Uzazi Salama Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Mwezi Februari 1987, mkutano wa kimataifa uliofanyika Nairobi ulizindua mpango uliokuja kujulikana kwa Kiswahili kama Uzazi Salama. Miaka miwili kabla yake, Rosenfield na Maine (1985) walikuwa wameuliza mama yuko wapi katika huduma zinazoitwa za afya ya mama na mtoto. Hoja yao ilikuwa kwamba huduma hizo zilimlenga mtoto, na mama alionekana kama njia ya kumfikia. Tangu wakati huo malengo yamefuatana. Malengo ya Maendeleo ya Milenia yalitaka uwiano wa vifo vitokanavyo na uzazi upungue kwa robo tatu kati ya mwaka 1990 na 2015. Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka uwiano wa dunia ushuke chini ya vifo 70 kwa kila vizazi hai 100,000 ifikapo mwaka 2030. Kila lengo limezaa viashiria, na viashiria vimezaa safu katika rejesta. Safu hizo hujazwa na mtu, aghalabu muuguzi mkunga aliye peke yake katika zamu ya usiku.

Sehemu kubwa ya maandiko kuhusu ufuatiliaji na tathmini ya programu hizi huuliza iwapo takwimu ni sahihi, zimekamilika na zimefika kwa wakati. Maswali hayo ni ya msingi. Hata hivyo, yanaliacha swali moja bila kuguswa, nalo ni la lugha: takwimu hizo zimejengwa juu ya sentensi gani? Kiashiria ni sentensi iliyofupishwa. Kina kitenzi, kina mtenda au kimemficha, na kinampa mtu fulani nafasi ya kutendwa. Anayesoma asilimia katika ripoti ya mwaka anasoma mwisho wa sentensi ambayo mwanzo wake haumo tena kwenye ukurasa.

Makala hii inaihakiki lugha hiyo kwa kutumia mkabala wa uchanganuzi hakiki wa usemi kama ulivyoasisiwa na Fairclough (1989), hususani hoja yake kwamba uteuzi wa maumbo ya kisarufi, kama vile unominishaji na ufutaji wa mtenda, huamua nani aonekane na nani afichwe. Matini zinazohakikiwa ni istilahi za Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA), matokeo ya tafiti za kitaifa za demografia na afya, Kiswahili kinachotumika kufundishia nadharia ya ucheleweshaji, pamoja na vitabu viwili vya kietnografia vilivyotokana na utafiti uliofanyika Tanzania: cha Allen (2002) na cha Strong (2020). Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili cha ufuatiliaji, kama kilivyo sasa, kinamhesabu mama kwa umakini pale anapofika mlangoni, na kinampa yeye wajibu wa kisarufi kwa mambo ambayo hakuyatenda.

2.0 Kujifungua na Kuzalishwa

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya tendo moja, na havilingani. Kuzaa ni kitenzi kikuu, lakini katika mazungumzo ya staha, hasa mbele ya wakwe na wazee, wengi hukiepuka. Kujifungua ndicho kitenzi cha heshima. Kimejengwa kwa mzizi -fungua na kirejeshi -ji-. Mwanamke ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, na hakuna mtu mwingine ndani ya neno. Kuzalishwa kimejengwa kinyume chake: mnyambuliko wa kusababisha umefuatwa na ule wa kutendwa, hivyo yuko mtu aliyesababisha hata asipotajwa. Anayesema "nilijifungua Amana" na anayesema "nilizalishwa Amana" wanaweza kuwa wamelala kitanda kilekile, ila masimulizi yao yana wahusika tofauti.

Taarifa za kila mwezi zinazotokana na rejesta ya wazazi hutenganisha waliojifungulia kituoni, waliojifungua kabla ya kufika kituoni, na waliojifungulia kwa wakunga wa jadi au nyumbani. Huko kote kitenzi ni kujifungua na kinachobadilika ni mahali. Inapofika zamu ya kiashiria kinachopendwa zaidi na wafadhili, sentensi hugeuka: sasa huhesabiwa wanawake waliozalishwa na mtoa huduma mwenye ujuzi. Mtenda ameingia, na ameingia akiwa na sifa. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2015-16, asilimia 63 ya watoto walizaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 81. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa muda mfupi, na makala hii haiyabezi. Kinachohojiwa ni neno ujuzi.

Ujuzi katika kiashiria hiki hutokana na kada. Mtu akiwa daktari, ofisa tabibu, muuguzi au mkunga aliyesajiliwa, uzazi aliouhudumia unahesabiwa kuwa wa kitaalamu. Rejesta haiulizi iwapo usiku ule palikuwa na damu salama, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, au taa. Haiulizi pia iwapo mtu huyo alikuwa na wanawake wanne wenye uchungu kwa pamoja. Kwa hiyo kivumishi "mwenye ujuzi" kinahamisha sifa ya cheti na kuifanya sifa ya tendo. Hatari ya uhamisho huo ilionekana mbali na hapa, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, ambako jaribio kubwa la orodha hakiki ya uzazi salama lilitoa matokeo yake mwaka 2017. Watoa huduma waliosimamiwa na kushauriwa walitekeleza hatua nyingi zaidi za orodha kuliko wenzao, lakini vifo vya akina mama na vya watoto wachanga havikutofautiana kati ya makundi mawili. Viashiria vya utendaji vilipanda, nayo makaburi yakabaki yaleyale.

Neno mzazi lenyewe lina utata unaostahili kuangaliwa. Shuleni mzazi ni baba au mama. Hospitalini mzazi ni mwanamke aliyejifungua au anayejifungua, ndiyo maana kuna wodi ya wazazi, na baba akiiendea huambiwa asubiri nje. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012 na kutuma ujumbe mfupi wa simu bila malipo kwa wajawazito na walio karibu nao, ilichagua maana ya shuleni: sauti ya mtoto aliye tumboni inawataka wawili wampende. Uteuzi huo ulimrudisha baba katika wajibu, jambo jema. Ila sauti iliyopewa nafasi ya kusema bado ni ya mtoto. Swali la Rosenfield na Maine halikuwa limepata jibu hata katika kaulimbiu.

3.0 Mahudhurio

Istilahi ya mahudhurio imetoka darasani na kwenye vikao. Mwalimu huita majina. Mwanafunzi akiitika, huwekewa alama. Kilichofundishwa siku hiyo hakimo kwenye daftari la mahudhurio. Neno hili lilipohamia kliniki ya wajawazito lilikuja na tabia yake yote.

Utafiti wa 2015-16 unatoa picha inayofaa kusomwa polepole. Takribani asilimia 98 ya wanawake waliojifungua katika miaka mitano iliyotangulia walikuwa wamefika kliniki kwa mtaalamu angalau mara moja. Waliofika mara nne au zaidi walikuwa asilimia 51, na walioanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza walikuwa asilimia 24. Mtu akiisoma asilimia ya kwanza peke yake, nchi imeshinda. Katika kipindi hichohicho utafiti huohuo ulikadiria uwiano wa vifo kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Kufika karibu wote na kufa wengi kiasi hicho vilikaa katika ripoti moja, sura tofauti.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito akutane na mtoa huduma mara nane badala ya nne, na kwa makusudi likaacha neno la Kiingereza lenye maana ya ziara na kuchukua lenye maana ya kukutana, ili pande mbili zihusike. Katika Kiswahili cha kila siku cha vituo, badiliko hilo lilifika kama tarakimu. Nne zimekuwa nane. Neno limebaki mahudhurio, na anayehudhuria ni mmoja. Hakuna safu inayouliza iwapo mtoa huduma naye alihudhuria.

Jambo moja la kiufundi linafaa kutajwa kwa kuwa linaathiri usomaji wa asilimia zote za kituo. Idadi ya "walengwa" ambayo mahudhurio hugawanywa kwayo hukadiriwa kutokana na makisio ya sensa. Kata inayopokea wahamiaji wa machimbo au wa mashamba hujikuta na mahudhurio yanayopita asilimia 100, na kata iliyohamwa huonekana imezembea. Walengwa ni neno la mshale na shabaha. Aliyeko nje ya shabaha hana pa kuandikwa hata akiwa amekaa kwenye benchi.

4.0 Nani Alichelewa?

Nadharia iliyoathiri zaidi tathmini ya vifo vya akina mama katika nchi zinazoendelea ni ile ya Thaddeus na Maine (1994). Kwa kupitia maandiko mengi ya awali, watafiti hao walipanga vikwazo katika awamu tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika kituoni, na kupata huduma stahiki baada ya kufika. Walisisitiza pia kwamba awamu hizo zinaingiliana. Familia iliyosikia kwamba kituoni hakuna dawa, au iliyomwona jirani akirudi na maiti, ina sababu ya kusita siku nyingine. Kusita huko ni kumbukumbu ya huduma mbovu iliyotangulia.

Nadharia hiyo ilipoingia katika semina, mabango na miongozo kwa Kiswahili, ilipitia kitenzi -chelewa, na hapo ndipo maana ilipoyumba. Kitenzi -chelewa si elekezi. Anayechelewa amechelewa mwenyewe. Ndiye kiima na ndiye mwenye kosa, kama mtumishi aliyefika kazini saa tatu. Kiswahili kina njia nyingine: -chelewesha, chenye mtu anayesababisha, na -cheleweshwa, chenye mtu aliyetendwa. Vyote vitatu vinapatikana kwa kila mzungumzaji. Hata hivyo, orodha inayosikika zaidi husomeka hivi: kuchelewa kufanya uamuzi, kuchelewa kufika kituoni, kuchelewa kupata huduma.

Kipengele cha tatu ndicho cha kustaajabisha. Mwanamke ameshafika. Amelala kitandani, damu inamtoka, na mtaalamu wa usingizi hajapatikana. Sentensi inasema amechelewa kupata huduma. Katika Kiswahili sanifu, kiima cha sentensi hiyo ni mama. Chumba cha upasuaji kisicho na umeme hakichelewi, gari la wagonjwa lililokosa mafuta halichelewi, wala bohari isiyoleta dawa. Anayechelewa ni yule asiyeweza kuinuka. Mtu anaweza kupinga kwamba huu ni ubishi wa sarufi tu, kwani kila mhudumu anajua kinachokusudiwa. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama kauli hizo zingebaki semina. Hazibaki huko. Huingia katika muhtasari wa kikao cha mapitio ya kifo, ambako sababu huandikwa kwa ufupi na kufuatiwa na mapendekezo. Palipoandikwa "alichelewa kufika", pendekezo linalofuata kwa urahisi ni kuelimisha jamii. Pangeandikwa "alicheleweshwa zahanati kwa saa sita akisubiri gari", pendekezo lingelazimika kutaja gari, bajeti yake na mwenye funguo.

Ni katika hatua hii ambapo kitabu cha Adrienne Strong, Documenting Death (2020), kinakuwa cha lazima. Kimetokana na utafiti wa muda mrefu katika hospitali ya rufaa ya mkoa, mkoani Rukwa, ambayo mwandishi ameipa jina la bandia la Mawingu. Strong anaonesha jinsi makaratasi yanavyochukua nafasi ya jambo lililopaswa kuwekewa kumbukumbu. Faili lililojazwa vizuri humlinda mhudumu kikaoni. Huduma iliyotolewa kwa mikono miwili bila kuandikwa huhesabiwa haikutolewa. Wauguzi wake si wakatili wala si mashujaa. Ni watu wanaojua kwamba kalamu itaulizwa kabla ya mikono, na wanaofanya kazi katika taasisi yenyewe iliyonyimwa mahitaji yake. Ubora wa kitabu hiki uko katika kukataa kwake kumtafuta mwovu mmoja. Upungufu wake, kwa msomaji wa Kiswahili, ni kwamba maneno mengi ya wauguzi yamefika kurasani kwa Kiingereza, na pamoja nayo imepotea ile tofauti ya alichelewa na alicheleweshwa ambayo ingeweza kuwa ushahidi bora kuliko wote.

Kitabu cha Denise Roth Allen, Managing Motherhood, Managing Risk (2002), kilitangulia kwa miaka 18 na kilitokea mkoani Shinyanga. Allen anaanzia kwenye ajenda iliyotoka Nairobi na kuilinganisha na hatari ambazo wanawake wenyewe walizitaja. Kwa wapangaji, hatari ilikuwa kuzaa watoto wengi, kuzaa mapema mno au kwa umri mkubwa. Kwa wanawake, kutozaa kabisa kulikuwa hatari pia, na ya kutisha. Mwanamke anayehofia utasa na mwanamke anayehofia kufa uzazini wanaweza kuwa mtu mmoja, kliniki ileile, siku ileile. Kadi ina nafasi ya hofu moja. Uchambuzi wa Allen unasaidia kueleza kwa nini awamu ya kwanza, ile ya uamuzi, haiwezi kutathminiwa kwa kuhesabu nani alifika na lini. Uamuzi una hoja ndani yake, na hoja haina safu.

Hapa inafaa kutaja pia faini. Katika baadhi ya maeneo nchini, sheria ndogo au maagizo ya viongozi wa vijiji yamewatoza faini wanawake waliojifungulia nyumbani. Nia ilikuwa kupandisha idadi ya wanaofika kituoni, na idadi hupanda. Ila mama aliyejifungulia nyumbani, anayehitaji kadi ya mtoto na chanjo, sasa ana sababu nzuri ya kusema alijifungua njiani. Mkunga anayemwandikia anaweza kujua ukweli na kuuacha, kwa huruma au kwa kuwa kituo chake nacho kinapimwa. Rejesta inajaa. Tathmini itakayokuja kusoma kwamba uzazi wa njiani umeongezeka inaweza kupendekeza magari zaidi, mahali ambapo tatizo lilikuwa hofu.

Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuanza kupanuliwa nchini kote mwaka 2022, unastahili kusifiwa katika muktadha huu kwa sababu moja mahususi ya kiisimu: mwenye wajibu wa mwendo ni mfumo. Simu hupigwa namba 115, dereva hutafutwa, mama husafirishwa. Kitenzi kimerudi katika kauli ya kutendwa, na mtenda anaweza kuulizwa. Swali linalobaki ni la mlangoni. Idadi ya waliosafirishwa, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha mfumo wa aina hii, inaishia pale ambapo awamu ya tatu inaanza.

5.0 Tarakimu 556, 104 na 238

Tafiti za kitaifa zilikadiria uwiano wa vifo kuwa 578 mwaka 2004-05, 454 mwaka 2010, 556 mwaka 2015-16, na 104 mwaka 2022. Msomaji wa kawaida huona kushuka, kupanda, kisha kuporomoka kwa furaha. Tarakimu ya mwisho imetangazwa majukwaani mara nyingi, na haishangazi. Ni habari njema ambayo watu wengi waliifanyia kazi. Makala hii haidai kwamba vifo havijapungua. Inadai kwamba tarakimu hizi haziwezi kupangwa kwenye mstari mmoja bila kusoma sentensi zilizozizalisha.

Sentensi ya kwanza ni ya dodoso. Vifo hivi havitokani na rejesta za hospitali. Hutokana na kumuuliza mwanamke wa miaka 15 hadi 49 kuhusu ndugu zake. Mbinu ya kukadiria vifo kupitia dada za marehemu iliasisiwa na Graham, Brass na Snow (1989), na tafiti za kitaifa hutumia toleo lake la moja kwa moja. Inahitaji ndugu wa mama mmoja. Katika Kiswahili, ndugu ni mtoto wa mama, wa baba, wa mama mdogo, wa shangazi, na wakati mwingine ni mtu wa kijiji kimoja; dada hata hayahitaji damu. Mhoji analazimika kubana: waliozaliwa na mama yako mzazi. Mahali ambapo binti wa mama mkubwa amelelewa kama dada wa tumbo moja, kumtoa katika orodha ni karibu na kumkana marehemu. Kisha inafuata: je, alipofariki alikuwa mjamzito? Mimba changa hufichwa, kwa staha na kwa kuogopa husuda. Iliyotolewa kwa siri hufichwa zaidi. Dada anaweza kujibu hapana kwa moyo safi.

Sentensi ya pili ni ya fasili. Tarakimu 556 inahusu vifo vilivyotokea wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua au ndani ya miezi miwili baadaye, bila kujali sababu. Tarakimu 104 inahusu vifo ndani ya siku 42, ikiondoa vilivyotokana na ajali na ukatili. Ya kwanza inaangalia miaka kumi iliyotangulia utafiti. Ya pili, miaka saba. Mabadiliko hayo ya fasili peke yake hayatoshi kueleza pengo lote, na haifai kudai hivyo. Lakini vitu viwili vilivyofasiliwa tofauti vimepewa jina moja la Kiswahili, vifo vitokanavyo na uzazi, na jina hilo ndilo lililobebwa redioni. Zaidi ya hayo, vifo vya aina hii ni vichache katika sampuli yoyote. Ndiyo maana 556 ilichapishwa pamoja na mipaka yake, kati ya 446 na 666, na 454 ya mwaka 2010 pamoja na yake, kati ya 353 na 556. Mipaka hiyo inapishana. Kile kilichoitwa kupanda kati ya tafiti hizo mbili huenda hakikuwapo. Mipaka haisomwi majukwaani. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa kutumia modeli inayounganisha vyanzo kadhaa, yalikadiria kuwa uwiano wa Tanzania mwaka 2020 ulikuwa 238. Mtathmini anayechagua 104 au 238 amechagua pia hadithi ya programu yake: imemaliza kazi, au iko nusu ya njia.

Jina lenyewe, vifo vitokanavyo na uzazi, linafaa kuhojiwa. Kinachotajwa kama chanzo ni uzazi. Mama hafi kwa uzazi. Hufa kwa kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba, maambukizi, uzazi pingamizi, au mimba iliyotolewa kwa njia isiyo salama, na nyingi kati ya hali hizo zina tiba inayojulikana kwa miongo mingi. Jina linaloweka uzazi katika nafasi ya sababu linaoanisha kifo na jambo la kawaida la maumbile, na hivyo kukifanya kielekee kuwa cha kawaida. Istilahi ya Kiingereza haina mzigo huu kwa kiwango hicho. Inamtaja mama bila kutaja chanzo. Huu ni mfano wa tafsiri iliyoongeza nadharia bila kukusudia, na wanaistilahi wa Kiswahili wana kazi hapa kabla ya wanatakwimu.

6.0 Walioponea Chupuchupu

Mapitio ya kifo yana upungufu mmoja usioweza kurekebishwa kwa fomu bora: shahidi mkuu hayupo. Yanayosemwa kikaoni husemwa na waliokuwa zamu, na faili ni la waliokuwa zamu. Ndugu wakiulizwa, huulizwa baadaye, wakiwa bado na uchungu, neno ambalo Kiswahili kimelitumia kwa maumivu ya kujifungua na kwa majonzi pia.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa kutathmini huduma kupitia wanawake waliofikia ukingoni mwa kifo na kupona. Kiswahili kina msemo wake tayari: walioponea chupuchupu. Hao ni wengi kuliko waliofariki, hivyo hata hospitali moja inaweza kupata idadi inayotosha kufundisha kitu. Na tofauti na marehemu, wanaweza kusema. Hata hivyo, mwongozo huo umejikita katika vigezo vya kitabibu: viungo vilivyoshindwa kufanya kazi, chupa za damu zilizotumika, upasuaji uliofanyika. Mwanamke yupo hai, na bado anasomwa kwenye faili.

Kinachopendekezwa hapa ni kidogo na kinaweza kujaribiwa katika wilaya moja bila mfadhili. Kabla ya kuruhusiwa, mwanamke aliyeponea chupuchupu aulizwe na mtu asiyekuwa zamu siku ile, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwake, aeleze safari yake tangu alipohisi dalili ya kwanza; maelezo yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na vitenzi vyake. Kisha yawekwe mezani kikaoni kando ya faili. Pale faili litakaposema alichelewa na yeye akasema walinikalisha, kikao kitakuwa na mambo mawili ya kulinganisha, na katibu atalazimika kuamua aandike kitenzi kipi katika muhtasari unaopelekwa wilayani.